Masika ya Septemba: Uhakiki wa Istilahi za Majira na Mwendo wa Dunia

Kuna jedwali ambalo karibu kila aliyefundisha jiografia kwa Kiswahili amepata kulichora ubaoni, kwa sura hii au ile. Safu yake ya kwanza yaonyesha tarehe nne: 21 Machi, 21 Juni, 23 Septemba na 22 Desemba. Safu ya pili yataja majira yanayoanza tarehe hizo katika kizio cha kaskazini: masika, kiangazi, vuli, kipupwe. Safu ya tatu yageuza mambo kwa ajili ya kizio cha kusini: vuli, kipupwe, masika, kiangazi. Ni jedwali lililonyooka, lakaririka kwa urahisi na lapendeza macho. Lakini mtoto wa Arusha akilisoma kwa makini ataambiwa kwamba kwao mwezi wa Machi huingia vuli, na mwezi wa Septemba huingia masika.

Arusha ipo kusini mwa Ikweta, kwa kadiri ya nyuzi 3 na dakika 22. Kwa hiyo safu ya tatu ndiyo yake, hapana njia ya kuikwepa. Naye mtoto huyo ajua kwa macho yake kwamba Machi ikielekea kwisha mawingu hukaa juu ya Mlima Meru, mito iteremkayo kutoka mlimani hubadilika rangi, mahindi hupandwa Tengeru na Usa River, na kila mtu husema kwamba masika yameingia. Ajua vilevile kwamba Septemba ni mwezi wa vumbi. Mwalimu mmoja wa mji huo alitusimulia kwamba alipotoa zoezi la majira, nusu ya darasa walitazama nje ya dirisha kabla ya kuandika, wakaandika walichokiona, naye ikambidi awakosoe kwa kuwa kitabu kilisema vingine. Yeye hakufurahi, wala sisi hatukufurahi.

Makala haya yanakusudia kulitazama kosa hilo pamoja na ndugu zake wachache, ambao wote huishi katika somo moja: jinsi dunia inavyokwenda mbele ya jua, na jinsi mwendo huo unavyogawa nishati ya jua mahali mbalimbali.

Asili ya kosa si uvivu. Tangu 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, watafsiri walipewa kazi kubwa kwa muda mfupi, nasi tunaowakosoa leo twala matunda ya jasho lao. Vitabu vya Kiingereza vilivyokuwa mezani vilitaja majira manne. Katika Kiswahili nako majina manne yalikuwa maarufu. Yakaoanishwa nne kwa nne. Hesabu ililingana, maana haikulingana; na hata hesabu yenyewe ililingana kwa sababu demani iliachwa nje ya mlango. Mabaharia wa pwani, walioyatunza majina haya kwa karne nyingi, hawakuwa na haja ya kufikia nne.

Majina ya Ulaya hufuata joto na urefu wa mchana. Majina yetu hufuata mvua na pepo. Masika ni mvua kubwa, Machi hadi Mei. Vuli ni mvua ndogo, Oktoba hadi Desemba. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, kusi inapovuma. Kiangazi ni ukavu na jua kali, hasa Januari na Februari. Demani ni wakati kusi inapolegea kabla kaskazi haijashika. Msomaji ataona kwamba kipupwe na kiangazi vinakubaliana nusunusu na safu ya kusini katika jedwali letu, na pengine ndiyo maana kosa halikugutusha watu mapema. Masika na vuli ndiyo yaliyobadilishana viti.

Tumesikia utetezi. Wako wasemao kwamba istilahi ni mapatano tu, kwa hiyo mwanafunzi aelezwe kwamba masika ya darasani si masika ya shambani, na jambo liishe. Hatukubali. Ni kweli kwamba istilahi yaweza kuchukua neno la kila siku na kulifinya. Fizikia imelichukua neno kazi na kulifinya mpaka mtu aliyesimama kutwa nzima na gunia kichwani ahesabiwe kuwa hakulifanyia gunia hilo kazi yoyote. Hilo ni gumu kulimeza, lakini lamezeka, maana kazi ya fizikia haikugeuka ikawa uvivu. Hapa neno halikufinywa, limepinduliwa. Mvua kubwa imepewa mwezi wa vumbi. Istilahi ya namna hiyo yamfundisha mtoto kwamba elimu na macho yake ni vitu viwili visivyokutana.

Na tuone basi jua lenyewe linafanya nini Arusha. Chukua kijiti cha mita moja, ukisimamishe wima katika uwanja ulio sawa. Tarehe 21 Juni, jua likiwa limefika juu kabisa, kivuli chake kitalala upande wa kusini, urefu wake sentimeta 50 hivi. Tarehe 22 Desemba kitalala upande wa kaskazini, nacho hakitafika sentimeta 40. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba, kivuli kitatoweka chini ya kijiti. Hilo ndilo jua la utosi. Neno hili limekuwamo vinywani mwa watu siku zote, lakini maandishi yetu ya sayansi hulizunguka kwa maelezo ya mstari mzima. Kwa nini? Utosi kila mtu anao, na kila aliyetembea mchana bila kofia anajua jua likiufikia huwaje.

Mwalimu atakayejaribu kijiti hiki asikitazame saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45 mashariki, ipitayo karibu na Mogadishu, na Arusha ipo karibu na nyuzi 36 na dakika 41. Hivyo jua la Arusha hufika juu kabisa, kwa wastani, saa 6 na dakika 33. Mwanzoni mwa Novemba huwahi kiasi cha dakika 17 baada ya saa sita, na katikati ya Februari huchelewa hadi dakika 47. Wenye kuswali hawahitaji kuambiwa haya, kwa kuwa adhuhuri yao huingia jua linapopinduka, si kengele inapogongwa, na alasiri yao hupimwa kwa urefu wa kivuli.

Vivuli hivi huhama kwa sababu mhimili wa dunia umeinama, na katika sentensi hiyo fupi mna mitego miwili ya lugha.

Mtego wa kwanza ni wa kitenzi. Vitabu vingine husema kwamba mwezi wa Juni dunia huinama kulielekea jua, na Desemba huinama upande wa pili. Mwanafunzi asomaye hivyo huona moyoni mwake dunia ikisinzia na kuamka kama mzee kibarazani. Dunia haifanyi hivyo. Mhimili wake umeinama, nao umebaki umeelekea upande uleule mwaka mzima, karibu na Nyota ya Kaskazini. Kinachobadilika ni mahali dunia ilipo katika njia yake. Kiswahili kina kiambishi cha kusemea tendo la mazoea na kina kiambishi cha kusemea hali iliyokwisha kutimia. Tofauti ya huinama na imeinama ni herufi chache, lakini ndani yake mna somo zima. Mtafsiri aliyeandika huinama hakukosa msamiati. Alikosa sarufi aliyonyonya kwa mama yake.

Mtego wa pili ni wa namba. Kitabu kimoja chasema mhimili umeinama kwa nyuzi 23½, kingine chasema 66½, na tumeona vyote viwili katika mkoba wa mwanafunzi mmoja. Namba zote ni sahihi, ila hazipimi kitu kimoja. Ile ya 66½ ni pembe iliyo kati ya mhimili na bapa la njia ya dunia. Ile ya 23½ ni kiasi ambacho mhimili umeacha kuwa wima juu ya bapa hilo. Sasa, Mswahili akisema nguzo imeinama, hupima kutoka wima. Nguzo iliyoinama kwa nyuzi 66½ inakaribia kuanguka. Twaona basi neno mwinamo litumike kwa 23½ peke yake, na kwa ile nyingine tuseme pembe ya mhimili na bapa, bila kuingiza kitenzi cha kuinama.

Neno mzunguko lina shida kubwa zaidi. Dunia hujizungusha katika mhimili wake, nasi twapata usiku na mchana. Dunia hulizunguka jua, nasi twapata mwaka. Mambo haya mawili, katika maandishi mengi, yote huitwa mzunguko wa dunia, na msomaji aachiwa kazi ya kubahatisha. Mtu aweza kudhani kwamba muktadha utamwokoa. Na ajaribu kuandika kwa neno hilo moja ukweli ufuatao: dunia humaliza mzunguko wake kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, lakini siku ina saa 24, kwa sababu dunia ikiwa katika mzunguko wake husogea mbele kidogo katika mzunguko wake, na yabidi iongeze dakika kama nne za mzunguko ili jua lirudi mahali pake. Hakuna atakayeelewa, wala mwandishi mwenyewe akirudi kuisoma kesho. Tunapendekeza mzunguko ubaki kwa njia ya kulizunguka jua, na kwa jambo la pili tutumie kujizungusha. Wengine watasema kwamba kitenzi-jina si istilahi. Mbona kuogelea, kusoma na kuandika ni majina ya mambo, tena ya masomo? Na kwa watoto wadogo, pia iko: pia hujizungusha palepale huku ikitembea sakafuni, nayo pia huweza kujizungusha ikiwa imeinama.

Turudi Meru. Kwa kuwa Arusha iko karibu sana na Ikweta, mwinamo wa dunia hauigusi kama unavyozigusa nchi za mbali. Mchana mrefu kuliko yote mjini humo humzidi ule mfupi kwa dakika 24 hivi. Jijini London mchana wa Desemba haufiki saa 8, na wa Juni hupita saa 16 na nusu. Jua la Arusha huchomoza kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 42 mwaka mzima, ndiyo maana twaweza kuhesabu saa moja baada ya macheo na hesabu isituvurugikie. Ukipima nishati inayofika juu ya anga, kabla mawingu hayajachukua fungu lake, siku ya mwisho wa Juni huko London hupata zaidi ya mara sita ya siku ya Desemba. Arusha siku ya Juni hupungukiwa na ile ya Desemba kwa sehemu 13 au 14 tu katika mia.

Na hata katika sehemu hizo chache, mwinamo hauhusiki peke yake. Hapa twagusa sentensi nyingine iliyotafsiriwa kwa uaminifu mno: kwamba umbali wa dunia kutoka jua hauhusiki na majira. Mwanzoni mwa Januari dunia huwa kilometa milioni 147 kutoka jua, mwanzoni mwa Julai huwa milioni 152, na tofauti hiyo hubadilisha nishati ya jua kwa kiasi cha sehemu 7 katika mia. Kwa London, penye mara sita, sehemu saba ni kitu cha kupuuzwa. Kwa Arusha ni karibu nusu ya tofauti yote iliyopo kati ya Desemba na Juni. Sentensi hiyo ilikuwa kweli pale ilipoandikwa. Ilipofika Meru ikawa nusu kweli, na hakuna aliyeikagua mpakani.

Basi baridi ya Julai, ile inayowafanya watu wa Ngaramtoni wavae makoti, yatoka wapi? Kwa sehemu ndogo yatoka katika upungufu huo wa nishati. Kwa sehemu kubwa yatoka katika mwinuko wa mji, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, katika upepo wa kusi, na katika mawingu yanayoufunika mlima siku nzima. Na kusi yenyewe hutoka kusini-mashariki, badala ya kuja moja kwa moja kutoka kusini, kwa sababu dunia hujizungusha na kuupinda mwendo wa hewa. Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, huyasimamisha mawingu hayo: miteremko ya kusini na mashariki hupata mvua na migomba, miteremko ya kaskazini na magharibi, kuelekea Oldonyo Sambu, hubaki mikavu.

Mvua nayo hulifuata jua. Jua la utosi likipita, nchi hupata joto, hewa hupaa, pepo za vizio viwili hukutana, na ukanda wa makutano hayo huhama kaskazini na kusini, ukichelewa majuma kadhaa nyuma ya jua. Ukipita kuelekea kaskazini huleta masika. Ukirudi kusini huleta vuli. Kwa hiyo masika na vuli ni watoto halali wa mwinamo wa dunia, kama yalivyo majira ya Ulaya, ila wamezaliwa kwa njia nyingine. Aliyeyaingiza maneno haya katika somo la mwinamo hakukosea kuyaingiza. Alikosea kuyakalisha.

Pendekezo letu ni hili. Neno majira litumike kwa vipindi vya mwaka vinavyogawanywa na tarehe zile nne, yaani ikwinoksi mbili na solistasi mbili. Neno msimu, ambalo asili yake ya Kiarabu lilihusu pepo na safari za vyombo, litumike kwa masika, vuli, kipupwe, kiangazi na demani. Majira ya nchi za mbali yaitwe majira ya machipuko, majira ya joto, majira ya mapukutiko na majira ya baridi, kama baadhi ya waandishi wanavyofanya. Yatalalamikiwa kwa urefu. Afadhali jina refu linaloeleza kuliko fupi linalodanganya. Na jedwali lenyewe liongezwe safu ya nne, ya nchi zilizo jirani na Ikweta, ambamo iandikwe misimu na miezi yake kama wakulima waijuavyo. Kuhusu kiangazi hatujakubaliana sisi kwa sisi: mmoja wetu aona neno hilo lingeweza kubaki kwa majira ya joto ya Ulaya, kwa kuwa nako jua huangaza, wengine twaona kwamba kiangazi bila ukavu si kiangazi, na mvua za London mwezi wa Julai ni mashahidi wetu.

Watumishi wa serikali wasidhani kwamba haya ni ya walimu peke yao. Tumepata kuona mwongozo wa kufungia paneli za umeme wa jua, uliotafsiriwa kwa Kiswahili kisicho na doa, unaomwagiza fundi azielekeze paneli kusini na kuziinamisha kwa nyuzi 40. Agizo hilo lafaa katika nchi nyingi za Ulaya, ambako jua la mchana huwa kusini. Paneli iliyofungwa hivyo Arusha, adhuhuri ya mwisho wa Juni, jua likiwa kaskazini, haipati hata nusu ya miale ya moja kwa moja ambayo ingeipata kama ingelazwa chali juu ya paa. Na Juni ndiyo miezi ya mawingu, kila mwale una thamani yake. Katika maandishi ya awali neno kusini lilikuwa na maana ya upande iliko Ikweta. Mtafsiri alilitafsiri neno, maana akaiacha ng'ambo. Kwa Arusha ilipasa kuandikwa kaskazini, na mwinamo uwe mdogo, wa kutosha tu mvua kuosha vumbi. Fundi aliyekuwa na karatasi hiyo mkononi aliisoma mara mbili, akatazama kivuli cha ngazi yake, akaikunja na kuitia mfukoni.